Ripoti ya CT-Scan ya kifua kwa mgonjwa wa Corona: inasema nini, na nini haiwezi kusema

#1 Mzee wa Mionzi

Wakuu, salamu.

Corona imepungua midomoni mwa watu, ila PM zangu hazijapungua. Mtu ananitumia ripoti ya CT-Scan ya kifua ya mama yake au ya mumewe, ya juzi au ya lile wimbi la 2021, na swali ni moja: "Dokta, wameandika mapafu yameathirika asilimia 40, atapona?" Kwa kuwa jibu ni lile lile, naliweka hapa mara moja. Mimi ni daktari wa radiolojia, kazi yangu kusoma picha. Humu simtibu mtu wala sisomi ripoti ya mgonjwa hadharani. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Tuanze na kinachoonekana. Kwenye CT pafu lenye afya ni jeusi kwa sababu limejaa hewa, na ndani ya weusi huo inapita mishipa ya damu, myeupe. Kirusi kikishuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, kuta za vifuko zinavimba na majimaji yanaanza kuvujia ndani. Hewa bado ipo lakini imepungua, kwa hiyo sehemu hiyo inageuka kijivu. Madaktari waliita hali hiyo kwa jina la kioo cha bafuni, kile kinachopitisha mwanga lakini huoni sura ya mtu aliye nyuma yake. Mimi nitaita ukungu. Alama yake ni kwamba mishipa ya damu bado unaiona ikipita humo. Majimaji na seli zikijaza vifuko kabisa, mishipa inapotea machoni na pafu linakuwa jeupe pe. Kati ya hatua hizo mbili mara nyingi kunatokea mistari myembamba inayokatizana juu ya ukungu.

Ukungu peke yake si Corona. Moyo ukishindwa kazi unaleta ukungu, damu ikivujia mapafuni inaleta ukungu, hata baadhi ya dawa. Kilichowashtua madaktari wa Wuhan Januari 2020 ni mahali ulipokaa: mapafu yote mawili, pembezoni karibu na mbavu, upande wa mgongoni, zaidi chini kuliko juu. Katika ripoti ya kwanza kubwa iliyotoka kwenye jarida la Lancet tarehe 24 Januari 2020, wagonjwa walikuwa 41, na 40 kati yao walikuwa wameguswa mapafu yote mawili. Waliokuwa ICU walionyesha zaidi ule weupe mzito, na waliokuwa wodi za kawaida walikuwa na ukungu zaidi.

Na kuna vitu ambavyo nikiviona najiuliza mara mbili kama kweli ni Corona, au kama ni Corona peke yake: maji mengi kuzunguka pafu, tundu ndani ya pafu, vinundu vidogo vidogo vilivyoshikana na njia za hewa, tezi za kifuani zilizovimba sana. Hivyo Corona haivileti mara nyingi.

Baada ya hapo kuna suala la siku, na hapa ndipo ripoti nyingi zinapotosha ndugu wa mgonjwa. Madaktari wa China na Marekani walipitia picha za wagonjwa 121 kutoka vituo vinne vya China. Waliopigwa picha ndani ya siku mbili tangu dalili zianze, asilimia 56 mapafu yao yalikuwa safi kabisa. Waliopigwa kati ya siku ya 6 na ya 12, asilimia 88 yalikuwa yameguswa yote mawili. Kundi jingine lililofuatilia wagonjwa waliopona liliona picha inakuwa mbaya kuliko zote karibu siku ya 10, kisha baada ya siku 14 inaanza kusafika. Kwa hiyo mtu akinitumia ripoti, swali langu la kwanza ni "dalili zilianza lini, na picha ilipigwa lini?" Ripoti "safi" ya siku ya pili haina cha kumtuliza mtu. Na ripoti ya kutisha ya siku ya 10 huenda ndiyo kilele, kuanzia hapo ni kushuka.

Nitarudi kwenye asilimia, maana zinahitaji posti yake. Maswali karibuni.

#2 Mwanaidi wa Chumbageni

Asante Dokta. Mimi 2021 nilikaa kitandani nimeishiwa nguvu, sisikii harufu ya kitu, hata vitunguu vinaungua jikoni sijui. Kipimo cha pua kikatoka hasi. Daktari akanipeleka CT, ripoti ikasema Corona. Mpaka leo watu wananibishia. Nimwamini nani, pua au picha?

#3 Mzee wa Mionzi

Dada Mwanaidi, pole. Swali lako liliwasumbua watu wa Wuhan kabla yetu sote.

Februari 2020 vipimo vya PCR, hivyo vya pua vinavyotafuta kirusi chenyewe, vilikuwa haba, majibu yanachelewa, na mgonjwa akichukuliwa sampuli vibaya au siku isiyofaa kirusi hakionekani. Mkoa wa Hubei, ambao Wuhan imo ndani yake, ukaamua kuhesabu hata waliogundulika kwa dalili na picha ya kifua. Siku ya kwanza ya hesabu hiyo, kati ya tarehe 12 na 13, wagonjwa wapya walitangazwa karibu 15,000, na zaidi ya 13,000 kati yao walitokana na utaratibu huo mpya. Dunia ikadhani ugonjwa umelipuka usiku mmoja, kumbe kilichobadilika ni namna ya kuhesabu.

Mwezi huo huo ikatoka tafiti ya wagonjwa 1,014 wa Wuhan. Waliokuwa na PCR chanya, asilimia 97 CT yao ilionyesha ugonjwa. Vichwa vya habari vikaandika CT ni bora kuliko PCR. Wachache walisoma mstari uliofuata: waliokuwa na PCR hasi walikuwa 413, na 308 kati yao CT ilisema wana ugonjwa. Hao 308 ni nani? Wengine bila shaka walikuwa na Corona na pua iliwakosa. Wengine walikuwa na nimonia nyingine, wakasomwa na daktari ambaye wakati huo, katika mji ule, kila ukungu kwake ni Corona. Tafiti yenyewe haiwezi kuwatenganisha.

Ndiyo maana Machi 2020 chama cha wanaradiolojia cha Marekani kilisema CT isitumike kuchuja watu wala kuwa kipimo cha kwanza cha kugundua Corona. Ibaki kwa waliolazwa wenye sababu maalumu. Waholanzi nao wakatunga ngazi za kuandika shaka, CO-RADS, ambapo 1 ni shaka ndogo sana, 5 ni kubwa sana, na 6 inaandikwa pale tu PCR imekuwa chanya. Umeona? Hata picha iwe inafanana namna gani na Corona, yenyewe inaishia 5.

Kwako wewe: kupotelewa harufu ghafla, wimbi limepamba moto, na picha inayofanana. Vitatu vikikaa pamoja ningesema ilikuwa Corona. Picha ingekuwa peke yake nisingethubutu.

#4 Ngosha wa Magu

Mkuu mimi nina wasiwasi na haya mambo. Mwaka 2021 mwanzoni huku kwetu watu walikuwa wanazikwa, kila tangazo "changamoto ya upumuaji", "nimonia". Sasa kama picha haiwezi kuthibitisha, mnajuaje haikuwa nimonia ya kawaida tu? Nimonia ipo tangu enzi za babu zetu.

#5 Mzee wa Mionzi

Ngosha, swali zuri, sitalikwepa.

Nimonia ya bakteria ile ya siku zote mara nyingi inashika kipande kimoja cha pafu na kukifanya cheupe chote, mgonjwa anatoa makohozi mazito, homa inapanda kwa kishindo, na maji kuzunguka pafu ni jambo la kawaida. Corona inatawanya mabaka pande zote mbili. Ukinipa picha moja bila jina wala historia naweza kukosea. Ukinipa wodi nzima ya watu wazima, wote mabaka pembezoni, wote mapafu mawili, ndani ya wiki chache, hiyo si kawaida ya bakteria. Mafua makali ya influenza yanaweza kufanana, hilo nakubali.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mawili mengine ambayo vitabu vya China na Ulaya haviyapi uzito. La kwanza TB. TB ya mtu mzima inapenda juu ya pafu, inachimba matundu, inaacha vinundu kando ya njia za hewa. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kuna hatari daktari akiona Corona asiendelee kutafuta. La pili ni ile nimonia ya fangasi inayowapata wenye VVU ambao kinga imeshuka. Hiyo inaleta ukungu mapafu yote mawili, oksijeni inashuka, kikohozi kikavu, na ukitazama haraka haraka utasema Corona. Tofauti ni kwamba ukungu wake unakaa zaidi katikati, mara nyingi unaacha ukanda mwembamba safi kando ya mbavu, na ugonjwa unajivuta kwa wiki kadhaa. Dawa yake ni Septrin ya dozi kubwa, ambayo kwa Corona haina kazi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye picha hiyo na hajapimwa VVU, apimwe. Nimewahi kuona ripoti imeandikwa "COVID" kwa herufi kubwa na hakuna aliyeuliza swali hilo.

#6 Bin Kombo

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Dokta, ndugu yangu alikuwa hana kikohozi, hana homa, anacheza bao barazani. Tukampima kwa sababu mkewe ameugua, wakampiga na CT, wakasema mapafu yana mabaka. Yeye mwenyewe akacheka, akasema mashine ni mbovu. Yawezekana kweli?

#7 Mzee wa Mionzi

Waaleikum salaam. Yawezekana, Bin Kombo. Ile meli ya Diamond Princess iliyozuiliwa bandarini Yokohama Februari 2020, Wajapani walipiga CT watu 104 kati ya waliokutwa na kirusi. 76 hawakuwa na dalili yoyote, na 41 kati ya hao 76 walikuwa na mabaka mapafuni. Kwa wengi wa namna hiyo yanaisha yenyewe bila wao kujua kama walikuwa nayo. Mashine haikuwa na kosa, ila hata mimi nisingempiga CT mtu anayecheza bao.

#8 Nesi wa Zamu ya Usiku

Nichangie kidogo upande wa wodini. Tulikuwa tunapokea wagonjwa wanaongea vizuri, wanapiga simu, ukiweka kile kipimo cha kidoleni unakuta oksijeni ya damu iko asilimia 78 tu. Ukiwaambia walalie tumbo ndugu wanakasirika, wanaona tunamtesa mzee. Mmoja alitaka kunipiga na ndoo. Dokta waelezee kwa nini, mimi nilieleza mpaka sauti ikakauka.

#9 Mzee wa Mionzi

Sista, heshima kwako na wenzako.

Jibu lipo kwenye picha yenyewe. Nimesema ugonjwa unakaa zaidi upande wa mgongoni. Mgonjwa akilala chali, sehemu hiyo iliyojaa majimaji inabanwa na uzito wa pafu lenyewe na wa moyo, hewa haiingii, ilhali damu inaendelea kupita hapo na kurudi bila oksijeni. Akilalia tumbo, mgongo unakuwa juu, vifuko vya nyuma vinafunguka na oksijeni inapanda, wakati mwingine mbele ya macho yako. Jambo hili halikuanza na Corona. Utafiti uliofanyika hasa Ufaransa na kuchapishwa 2013, kwa wagonjwa mahututi walio kwenye mashine ya kupumulia, ulionyesha vifo ndani ya siku 28 vilishuka kutoka asilimia 32.8 hadi 16 kwa waliogeuzwa kulalia tumbo saa nyingi kila siku.

#10 Shemeji Kipara

Na nyungu je? Sisi tulijifukiza na mwarobaini, mchaichai, malimao, tukapona wote nyumba nzima. Huo ukungu si unayeyuka kwa mvuke?

#11 Mzee wa Mionzi

Shemeji, nimecheka. Mvuke unakulegeza makamasi ya puani na kooni, unajisikia vizuri, sina ugomvi nao mradi usijiunguze na sufuria. Lakini ukungu wa kwenye picha ni majimaji na uvimbe ndani ya kuta za vifuko, mvuke haufiki hapo na ukifika ni maji juu ya maji. Mlipona kwa sababu wengi wanapona. Mwenye oksijeni ya 78 usimfunike blanketi.

Sasa asilimia, niliahidi.

Mapafu yana vipande vitano, vitatu kulia na viwili kushoto. Namna moja iliyosambaa sana ya kupima ni kukipa kila kipande alama 0 hadi 5. Chini ya asilimia 5 ya kipande ikiguswa ni alama 1. Asilimia 5 hadi 25 ni alama 2. Hadi nusu ni 3, hadi robo tatu ni 4, zaidi ya hapo 5. Jumla ya juu ni 25. Sasa chukua mgonjwa ambaye kila kipande kimeguswa kidogo, tuseme kati ya asilimia 5 na 25. Anapata 2 mara tano, ni 10 kati ya 25. Mtu anagawanya, anapata asilimia 40, anaiandika au anaitamka, na familia inasikia karibu nusu ya mapafu imekwenda. Ukweli ni kwamba hakuna kipande kilichozidi robo, na jumla nzima inaweza isifike hata asilimia 10. Alama ni ya kulinganisha mgonjwa na mgonjwa, au mgonjwa na nafsi yake wiki iliyopita.

Kuna hospitali wanatumia programu ya kompyuta inayopima ukubwa halisi, nyingine daktari anakadiria kwa jicho. Kwa hiyo asilimia 40 ya hapa na asilimia 40 ya pale si kitu kimoja. Uliza ilipatikanaje.

Ni kweli kwamba eneo kubwa likiguswa hatari inakuwa kubwa, sitawadanganya. Lakini tiba haipangwi kwa asilimia ya picha. WHO ilihesabu Corona kuwa kali oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90 kwa hewa ya kawaida, au mtu akihema kwa shida. Na ile dexamethasone, dawa ya kushusha uvimbe, wengi mnaiita dexa: jaribio la RECOVERY la Uingereza, Juni 2020, lilionyesha vifo vimepungua kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na kwa moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni tu. Ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida. Watu walikuwa wanaona neno "ukungu" kwenye ripoti, wanakimbilia duka la dawa kununua dexa, oksijeni iko 97! Sukari ikapanda, wengine ndipo walipojua wana kisukari.

#12 Ngosha wa Magu

Hapo kwenye dexa umenigusa, mjomba alifanya hivyo hivyo. Swali jingine: anko alikuwa anaendelea vizuri, siku ya tisa tumbo na kifua vikabana ghafla, oksijeni ikaporomoka, akaondoka. CT ya siku ya sita ilikuwa na mabaka machache tu. Ilikuwaje?

#13 Mzee wa Mionzi

Pole sana ndugu yangu. Siwezi kusema kilichomwondoa anko wako, simjui na sikuona faili.

Ila niseme kitu kinachohusiana. CT ya kawaida ya kifua, ile unaingia na kutoka bila sindano, haionyeshi damu iliyoganda ndani ya mishipa ya mapafu. Ili kuiona lazima dawa maalumu ichomwe kwenye mshipa na picha ipigwe dawa ikiwa inapita mapafuni. Corona inafanya damu igande kirahisi. Besançon, Ufaransa, 2020, walipiga picha ya namna hiyo wagonjwa 100 wenye Corona kali, 23 wakakutwa na damu iliyoganda mapafuni. Karibu mmoja kati ya wanne! Kwa hiyo mgonjwa ambaye oksijeni inashuka ghafla huku mabaka ni machache, hayo mawili hayalingani, na hapo ndipo CT ya pili, yenye dawa, ina sababu ya kupigwa. Wanaangalia figo kwanza, maana dawa hiyo inatolewa na figo.

#14 Mwanaidi wa Chumbageni

Na mionzi? Kuna jamaa alirusha WhatsApp kwamba CT moja ni eksirei 400, mtu anapata kansa.

#15 Mzee wa Mionzi

Hiyo ilitoka India. Mei 2021, wimbi lao likiwa kali na watu wanakimbilia CT kila baada ya siku tatu, mkurugenzi wa AIIMS, hospitali kubwa ya serikali ya New Delhi, Dk. Randeep Guleria, alisema CT moja ni sawa na eksirei za kifua 300 hadi 400. Chama cha wanaradiolojia wa huko kikamjia juu, kikasema hesabu hiyo ni ya mashine za zamani.

Upande wangu: CT ya kifua ya kawaida ni kama milisieverti (kipimo cha dozi ya mionzi) 5 hadi 7, ya dozi ndogo inaweza kuwa 1 hadi 1.5, na binadamu anapata karibu 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani bila kwenda hospitali. CT moja yenye sababu isikunyime usingizi. Tano ndani ya wiki mbili "kuangalia maendeleo" ni upotevu wa mionzi na pesa, kwa sababu kipimo cha kidoleni kinakueleza maendeleo bure. Guleria alikosea hesabu labda, ila katika kuwakemea waliokuwa wanapiga picha hovyo mimi niko upande wake.

#16 Bin Kombo

Dokta swali la mwisho, samahani kwa usumbufu. Baba alilazwa wiki nyingi, oksijeni ya mask kubwa. Ametoka, lakini ngazi za nyumba zinamshinda mpaka leo. Ripoti ya mwisho imeandika makovu. Makovu ya mapafu si ndiyo basi tena?

#17 Mzee wa Mionzi

Si usumbufu. Huko Wuhan walifuatilia wagonjwa 114 waliokuwa na Corona kali, wakawapiga CT baada ya miezi sita. Asilimia 38 mapafu yalikuwa yamesafika kabisa. Asilimia 35 walikuwa na mabadiliko yanayofanana na makovu, hasa waliozidi miaka 50 na waliougua vibaya zaidi. Waliobaki walikuwa na mabaki ya ukungu au uvimbe. Nimesema "yanayofanana na makovu" kwa makusudi: picha iliyopigwa mapema, mwezi wa kwanza au wa pili, inaonyesha mistari na njia za hewa zilizovutwa ambazo baadaye nyingine hupungua. Kovu la kweli halirudi nyuma, lakini halimaanishi litaendelea kukua.

Madaktari wa kifua wa Uingereza walipendekeza kwa waliougua sana eksirei ya kifua wiki 12 baada ya kutoka, na CT kama eksirei si safi au pumzi bado inasumbua. Mzee wako anayo sababu. Apewe na kipimo cha kupuliza, kile cha kuona pafu linachukua hewa kiasi gani, na moyo uangaliwe, maana kushindwa ngazi si lazima iwe mapafu. CT mpya iwekwe pembeni ya ile ya zamani. Picha moja ya makovu haiambii kitu kuhusu mwendo wake.

#18 Bin Kombo

Ya zamani hatuna, tulipewa karatasi tu.

#19 Mzee wa Mionzi

Rudini palipopigwa muulize chumba cha CT kama picha zipo kwenye kumbukumbu yao, waombeni wawachomee CD. Nendeni na namba ya faili na tarehe. Na ukiipata usiipandishe humu, jina na umri wa mzee vimeandikwa kwenye kona ya kila picha.

#20 Bin Kombo

Shukran. Jumatatu naenda.